Mfereji wa Asheri

Huko Vudee, Asheri ndiye aliyekuwa akifungua ndiva, bwawa la kumwagilia mashamba. Asubuhi huchomoa kizibo. Jioni huziba kwa mfinyanzi na magome ya migomba, na kukicha bwawa limejaa tena. Kazi hiyo ilimpa heshima, heshima ikampa kiburi. Kwa hiyo ardhi ya mlimani ilipombana akateremka kulima kando ya mto Ruvu, Bwana Shamba wa serikali ya Mwingereza hakutafuta fundi mwingine wa kuchimba mfereji wa kukausha kinamasi cha pale, mahindi yapate kulimwa.

Kila masika mto ulifurika ukalala kwenye matete ya kinamasi hicho hadi kiangazi. Ng'ombe walipata majani, kambare walizaliana, visima havikukauka. Bi Saada, msuka mikeka wa pale, alimwonya Asheri asikiguse kinamasi.

"Tukishavuna nitauziba mfereji, Bibi. Kwani nimeanza leo?"

Maskini, aliijua ndiva tu. Ndiva hujazwa na kijito kila usiku; kinamasi hungoja mwaka mzima. Mwaka wa kwanza baada ya kuchimba, mahindi yalikuwa ya kutambia. Wa pili, mafuriko yaliukuta mfereji, yakaufanya korongo, yakapita yote bila kutulia. Visima vikaingia chumvi. Asheri akaziba kwa mfinyanzi na migomba, vikasombwa. Masika sita aliziba, mgongo ukapinda, akachoka hata kujilaumu.

"Shikamoo, Bibi," alisema siku moja, bila kuinua uso.

"Marahaba. Unaziba tena?" Bi Saada akatua mzigo wa mashina ya matete. "Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole, lakini mimi nakupa. Hiyo migomba ni ya kwenu mlimani. Panda haya, yashike udongo."

Wakapanda pamoja. Masika ya saba tuta la kuziba mfereji likashika, na maji yakatandaa polepole hadi kwenye mabua ya mahindi ya zamani.

Ndipo akaja Isihaka, tarishi wa jumbe.

"Shikamoo, mzee. Boma wanataka mfereji ufunguliwe Jumatatu, mahindi yalimwe tena. Wamekutaja wewe. Wanasema fundi ni wewe."

Asheri alikuwa amekaa juu ya tuta, miguu majini. Sifa hiyo aliipenda maisha yake yote, na hata sasa ilimgusa.

"Kawaambie fundi alikosea," alisema. "Tangu jembe la kwanza. Wakileta mwingine, atanikuta hapa."

Isihaka akamsihi ainuke, wakayazungumze kwa jumbe. Asheri hakuinuka. Alikuwa amechoka mno, na kwa mara ya kwanza hakuona haya kuonekana amechoka.