Senene Wasioruka

Mimi nililelewa na bomba la dawa. Baba yangu alikuwa na kahawa huko Nyeri, na kabla sijajua kusoma vizuri nilikuwa najua kuchanganya dawa, kusimama upande unakotoka upepo, na kufunga kitambaa chekundu kwenye mti wa kwanza ili kila apitaye ajue kwamba hapa pamenyunyizwa. Kwetu mdudu aliyeonekana kwenye jani alikuwa ametutukana. Miaka michache baada ya vita vya Uganda kwisha nilipata kazi ya ukarani kwenye kiwanda kimoja upande wa Bugolobi, nikahamia Kampala na nguo zangu, Biblia, na bomba la mgongoni.

Nilipanga vyumba viwili Namuwongo, chini karibu na reli. Katika vyumba vingine vya nyumba hiyo alikaa mke wa polisi, mtu wa kaskazini, na binti zake wawili na kuku watatu. Mumewe alikuja mara moja moja. Tulisikilizana kwa Kiswahili, mimi cha Kenya, yeye cha kambi za askari, na aliniita Mama Kenya ingawa sikuwa na mtoto. Nyuma ya nyumba kulikuwa na kipande cha ardhi kilichoteremka mpaka kwenye mafunjo. Hapo nikapanda sukuma wiki.

Vidukari wakaja, kama wanavyokuja kwenye kila sukuma wiki duniani. Jirani yangu alinikuta nikiwaponda kwa vidole, na pamoja nao naponda vijidudu vyekundu vyenye madoa meusi, vya mviringo kama nusu ya njegere.

"Wacha ile nyekundu," akaniambia. "Hiyo nakula ile ingine."

Nilicheka. Nilimwona mtu asiyejua kilimo, mimi binti wa kahawa.

Kisha tukakosana juu ya kuku. Walichakura miche yangu mara mbili, nikalalamika, naye akanijibu kwamba kuku hana masikio. Wiki mbili hatukusalimiana. Tulipishana mlangoni kila mtu akitazama ndoo yake. Jumamosi moja, jua likianza kupoa, nikavaa bomba langu mgongoni na kunyunyiza shamba zima, juu na chini ya majani, mpaka yakawa yanadondoka. Sikumwambia. Kitambaa chekundu sikufunga. Nitasema ukweli kwa sababu nimezeeka na sina tena wa kumdanganya: niliwaza kwamba kuku wakionja kidogo watashika adabu.

Asubuhi yake nilisikia watoto wakicheka shambani kwangu. Nilikasirika, lakini nilikuwa navaa kwenda kanisani, nikatokea mlango wa mbele. Njiani niliona watu na ndoo na mifuko, wameinama kwenye nyasi kando ya reli, wanaokota senene, wale panzi wa kijani wa msimu wa mvua. Walikuwa wameanguka usiku kwa wingi, wakifuata taa za viwandani. Mimi senene nilikuwa nawajua kwa jina tu, kwetu hatuli mdudu. Nikapita zangu nikishika sketi isiloe.

Nilirudi saa sita. Jirani yangu alikuwa amesimama mlangoni kwangu na sahani iliyofunikwa.

"Mama Kenya, ile maneno iishe," akasema. "Hii natoka kwa shamba yako. Iko tamu kushinda ya reli."

Alifunua. Senene waliokaangwa na vitunguu, wekundu kidogo, wanang'aa. Kukataa sahani ile kungekuwa kukataa amani, nami nilikuwa nimechoka na kule kununiana. Nikachukua mmoja, nikatafuna. Alikuwa mtamu kweli. Nikachukua wa pili.

"Na ya kwako ni rahisi kushika," akaendelea, akicheka. "Hairuki. Watoto naokota tu kama maharagwe."

"Kwa nini hawaruki?"

"Sijui. Labda baridi."

Hapo nikaona, nyuma ya bega lake, kuku mmoja amelala ubavu kando ya bomba la maji. Miguu ilikuwa inatetemeka na mate yanamtoka mdomoni. Mwingine alikuwa amekwisha kunyooka.

Niliiona njia yote kwa mara moja: kutoka kwenye bomba langu hadi kwenye jani, kutoka kwenye jani hadi kwa senene, kutoka kwa senene hadi kwa kuku na hadi kwenye sahani. Na aibu yangu ni kwamba mtu wa kwanza niliyemhofia nilikuwa mimi mwenyewe. Nilitema nilichokuwa natafuna, nikafuta ulimi kwa kiganja, kisha ndipo nikauliza.

"Watoto wamekula?"

"Walikula asubuhi. Ule mdogo nakula hata bado kuiva."

Nikamwambia. Hakupiga kelele. Aliweka sahani chini taratibu, akazunguka nyumba mbio. Mkubwa alikuwa anaruka kamba. Mdogo alikuwa ameketi chini ameegemea ukuta, anatema mate, mate hayaishi, na alimwambia mama yake kwamba kuna giza machoni. Ilikuwa saa sita mchana, jua la utosi.

Mama alimbeba mgongoni. Mimi nilikimbia nyuma nikimvuta mkubwa kwa mkono, na kopo la dawa kifuani. Kwenye kliniki nesi hakutaka salamu.

"Mukebe ya dawa iko wapi? Reta."

Alisoma kopo, akaitazama ile picha ya fuvu, akamvua mtoto gauni na kuanza kumwosha huku akiita mwenzake alete sindano. Walimchoma moja, wakangoja, wakamchoma nyingine. Mtoto alikuwa anatetemeka mashavu. Mkubwa alikuwa mzima, walisema akae aangaliwe tu. Nami wakaniambia nikae.

Tulikaa kwenye benchi moja, mimi na jirani yangu. Nilikuwa nameza mate na kuhesabu kama yameongezeka. Niliogopa tumbo langu, niliogopa mlango wa kile chumba, na zaidi ya vyote niliogopa mwanamke yule aulize. Akauliza, bila kunitazama.

"Hiyo dawa ulinyunyiza ya wadudu, ama ya kuku yangu?"

"Ya wadudu," nikasema. Baadaye, kwa sauti ndogo, nikaongeza, "Na kuku kidogo."

Alinyanyuka, akaenda kukaa sakafuni karibu na mlango wa kile chumba.

Mtoto alirudi nyumbani Jumatatu, amelegea lakini anaona. Mimi nilikuwa nimewazika kuku wote watatu, shimo la kufika kiunoni, nikiogopa mbwa, nikiogopa karoli, wale ndege wakubwa wa jalalani, nikiogopa chochote ambacho kingemla aliyewala. Sukuma wiki niliing'oa yote nikaifukia vilevile. Chini ya majani niliwakuta wale wekundu wenye madoa, wamekauka. Nilipopanda tena, vidukari walikuwa wa kwanza kurudi, na kwa miezi hapakuwa na wa kuwala. Bomba nililipasua kwa shoka.

Tuliishi mlango kwa mlango miaka mingi baada ya hapo. Tulisalimiana, tukaazimana chumvi, tukazikiana ndugu. Kila msimu wa senene jirani yangu aliniletea sahani, ya kwanza kabisa kutoka kwenye kikaango, kabla binti zake hawajagusa kitu. Alisimama mlangoni akinitazama nikitafuna na kumeza. Tuliongea habari za mvua na bei ya mkaa kwa muda mrefu, yeye macho yakiwa kwenye mdomo wangu. Kisha akageuka akawaita watoto waje kula.