Aliyewasha Dramu Kule Kajiado

Siku yangu ya kwanza kwa bendi, Kiongozi alinionyesha kinanda kikiwa bado kwa boksi, akaniuliza kama najua kusoma maandishi yake. Nikamwambia shule niliacha darasa la sita, kwa hivyo kusoma asome yeye, mimi nitapiga. Wanamuziki wote wa ile klabu ya nyama choma pale Kitengela wakanicheka. Nilipoanza kupiga, wakanyamaza. Mimi nilikuwa fundi wa kuchomelea mageti, nikajifundisha kwa kinanda cha kanisa, na ninasema bila aibu: kutoka Kitengela mpaka Namanga hakukuwa na mkono wa kushoto kama huu wangu.

Kinanda chetu kilikuwa cha bei ya chini, ile aina iko na staili ndani. Staili ni bendi ya mashine. Ukishika sauti tatu kwa mkono wa kushoto, dramu, besi na gita zinaingia na kukufuata, mkono wa kulia unabaki na wimbo. Ndio watu wakaanza kusema eti kinanda kinajipiga. Wapumbavu! Kuna kitufe cha kuingilia, kingine cha kubadilisha pigo, kingine cha kumalizia, na ukichelewa kidogo tu mashine inakimbia, mwimbaji anabaki kama abiria ameachwa stendi. Mimi nilizima besi ya mashine nikamwachia mpiga besi wetu. Dramu za mashine nikazishusha chini kabisa ili Lemayian, mpiga dramu wetu, aongoze. Hivyo ndio bendi hupigwa. Mashine inajaza, haitawali.

Kiongozi hakutaka kusikia hayo. Siku tuliitwa harusi nje kidogo ya Kajiado, alikuja kunichukua na pickup, ndani kuna mwimbaji na spika peke yake.

"Lemayian ako wapi?"

"Ako hapa," akagonga boksi la kinanda. "Na wa besi ako hapa. Hawa wawili hawamalizi nyama ya watu."

Nilipanda nikiwa nimefura. Tulipofika, tukaambiwa tuweke spika kando ya zizi, nyuma ya mahali bibi arusi angepita.

Kama hujawahi kuona bibi arusi wa Kimaasai akitolewa kwao, nikueleze. Anatembea polepole sana, kichwa chini, na haruhusiwi kuangalia nyuma. Wazee wanasema akigeuka atakuwa jiwe. Akina mama wanamsindikiza na wimbo, mmoja anaongoza, wengine wanamjibu. Huyo anayeongoza huvuta neno vile roho inamtuma. Hakuna staili duniani inaweza kumngoja.

"Wape dramu," Kiongozi akaniambia.

"Hii haipigwi na mashine. Wacha wamalize, watoke kwa geti."

"Fundi wa mageti ndio atanifundisha harusi? Washa!"

"Toa mkono! Kiongozi, toa mkono hapo!"

Hakutoa. Alipitisha mkono juu ya wangu, akabonyeza kitufe cha kuanza, na sauti ilikuwa juu mpaka mwisho. Spika zikalipuka. Mbuzi wakaruka. Akina mama wakakatiza wimbo katikati ya neno, na bibi arusi, mgongo kwetu, akashtuka na kichwa kikaanza kugeuka. Nyanya yake alimrukia, akamshika mashavu kwa mikono miwili.

"Shomo! Nenda, mama, nenda! Usigeuke!"

Nilichomoa waya wa umeme. Baba ya msichana akaja kwetu na rungu.

"Nani amewasha hiyo kitu?"

Kiongozi hata hakumeza mate. "Ni huyu wa kinanda, mzee. Nimemkataza."

Mwimbaji akaangalia viatu vyake. Mimi nilianza kujitetea, mzee akainua rungu. "Toka kwa boma yangu. Na usiwahi kukanyaga Kajiado na hiyo sanduku yako."

Na kweli sikukanyaga tena kikazi. Kila mahali nikasikia, huyo ndio alitaka kugeuza msichana wa watu jiwe. Niliachana na Kiongozi siku hiyo hiyo, nikaunda bendi yangu Kitengela na Lemayian na kinanda cha bei ile ile, tukajaza kumbi mpaka watu wakasimama nje. Lakini Kajiado, hapana. Nikitajwa huko, walikataa.

Sasa nimestaafu, vidole vimekuwa vigumu, nafuga kuku Isinya. Juzi nilienda soko la mifugo la Kajiado kutafuta mbuzi. Mama mmoja aliyekuwa akiuza akanisikiliza nikiongea, akaniangalia sana.

"Sauti yako naijua. Wewe ndio ulisema 'toa mkono' siku ya harusi yangu."

"Kumbe ulisikia?"

"Nilisikia yote. Nilijua si wewe."

"Na ukanyamaza!"

"Bibi arusi ataongea siku hiyo? Baadaye nilikuwa kwa watu wa mume wangu, nikapata watoto... Niwie radhi, mzee."

"Mwambie baba yako. Twende hata saa hii, nitakulindia hawa mbuzi."

Akafunga shuka vizuri mabegani kabla ajibu. "Baba tulimzika mvua iliyopita."

Vijana huniuliza kama kinanda cha bei ya chini kinatosha bendi. Kinatosha sana, kama anayekishika ni mmoja. Na msiniambie mambo ya kusamehe. Yule mzee alizikwa akijua ni mimi.