Jirani Niliyemwachia Paka

Mimi na paka wangu tuliugua ugonjwa mmoja. Wangu uligunduliwa nikiwa chuo cha ualimu. Wake niliarifiwa na sisimizi. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya sabini, nikifundisha shule ya msingi karibu na Nyaramba, na kila paka alipokojoa uani sisimizi walikusanyika pale kama walioalikwa harusi. Nikaupima mkojo wake kwa vidonge vile vile nilivyojipimia mimi, rangi ikageuka kuwa ya tofali, alama ya sukari nyingi. Tangu siku hiyo tukawa tunadungwa insulini sote wawili kila asubuhi, mimi pajani, yeye shingoni, na chupa ya dawa ikakaa ndani ya kopo lililoelea mtungini ili isipate joto. Watu walicheka mpaka wakachoka. Nami sikuzaliwa bubu, niliwajibu wote.

Likizo ya Agosti nikaitwa kozi ya walimu Kisumu, siku sita. Kwetu ni Kisii mjini, nyuma ya duka la baba, lakini mama hakutaka hata kusikia habari ya kumdunga paka sindano. Akabaki jirani yangu, mama mmoja Msabato mwenye shamba la chai mtelemkoni. Kila siku saa kumi nilipotoka shule nilimkuta njiani, tukatembea pamoja hadi nyumbani, naye akinichosha kwa habari za kuku wake. Nilidhani ni mtu wa maneno mengi tu, hana kazi nyingine saa ile.

"Mwalimu, hiyo paka iko na bahati," alisema nilipomwomba. "Mimi hakuna mtu amewahi kubembelezea mimi daktari hivyo."

Nilimfundisha kudunga kwa ndizi mbivu. Kwenye bomba la kioo nilifunga uzi mwekundu kumwonyesha dawa iishie wapi. Kisha nikampa sheria: sindano kila asubuhi, asikose hata siku moja, chakula ni omena na nyama, basi, sukari ni marufuku, hata chembe. Nilimfanya azirudie mara tatu kama mtoto wa darasa la kwanza. Akazirudia bila kununa. Nikikumbuka leo naona haya.

Kisumu mkufunzi alisema mengi, lakini mawazo yangu yote yalikuwa kwa paka. Nilimwombea, ndiyo, paka. Ningefanya nini tena? Fimbo ya mbali haiui nyoka.

Niliporudi nilipita kwa jirani hata kabla ya kuweka mzigo wangu nyumbani. Paka alikuwa amelala juu ya gunia mlangoni, manyoya yanang'aa, akanitazama kwa jicho moja kisha akalifumba. Nilifurahi hadi machozi yakanilengalenga.

"Bwakire," nikamsalimu jirani kwa Kigusii changu cha mjini.

Aliitikia bila kuniangalia. "Mwalimu, mimi nimekosea wewe. Nilipatia paka sukari."

Nikafoka. Ndivyo nilivyo, hufoka kwanza nikauliza baadaye. Alisubiri nimalize, ndipo akanisimulia. Jumatano kanisa lao lilifunga kuomba mvua ya mawe isipige chai. Moto uliwashwa wa kuchemshia sindano tu. Paka alidungwa kama nilivyoamuru, lakini hakupewa chakula.

"Niliona si vizuri paka ikule na watu wamefunga," alisema. "Saa tano ikaanza kutetemeka. Ikaenda hivi na hivi, ikaanguka."

Nikaketi pale mlangoni. Katika sheria zangu zote sikumwambia kwamba sindano bila chakula huua. Nilikuwa nimemkataza kitu kile kile ambacho kingemwokoa paka.

"Ulijuaje kumpa sukari?"

"Si niliona wewe? Ile siku ulianguka hapo kwa daraja, ulitetemeka namna hiyo hiyo. Wakakuletea chai ya sukari, ukaamka."

Nilikumbuka. Niliwasihi wote waliokuwapo wasimwambie mtu, maana niliona aibu, mwalimu mzima kuanguka njiani. Kisha nikajilazimisha kusahau. Miaka miwili ilikuwa imepita.

"Na Jumatano sukari uliipata wapi haraka hivyo?"

Akafungua fundo la leso yake. Ndani mlikuwa na kikaratasi kilichosokotwa, na ndani ya kikaratasi, sukari kama vijiko viwili.

"Hii natembeanga nayo," alisema. "Si ya paka. Ni yako, mwalimu. Saa kumi huwa unatoka shule na njaa."

Nilimpakata paka, nikamsogelea jirani yangu, nikamwomba anipe habari za kuku.