Dada Yangu Aliungua

Siku ile tulikuwa tunaanika muhogo, mimi na dada yangu Yustina, kijijini kwetu Burundi. Nilikuwa na miaka kumi na sita. Yeye alikuwa mjane, akifundisha watoto shule ya Jumapili. Mchana jirani na mkewe walitufikia wakihema, mtoto mgongoni. Watu wa kabila lao walikuwa wakisakwa. Yustina aliwaficha kwenye ghala la mahindi bila kuuliza neno.

Askari walifika.

"Wako wapi?"

"Sijawaona."

Wakamfungia Yustina ndani ya nyumba, wakamwagia paa la nyasi mafuta ya taa. Mkubwa wao akamwuliza tena, dirishani.

"Sijawaona," alisema.

Mimi nilikuwa nimekimbilia migombani nyuma ya nyumba, nimelala kifudifudi.

Sikutoka.

Usiku huo niliondoka na wale watu wa ghalani, tukatembea mpaka tukavuka kuingia Tanzania. Nililima tumbaku Usinge miaka mingi, kisha nikahamia Ipuli, hapa Tabora.

Mwaka huu alikuja mhubiri mgeni kanisani kwetu, kijana mwenye sauti nzuri. Alisema tanuru la Shadraka, Meshaki na Abednego ni majaribu ya moyoni, na mwenye nguvu ya ndani haungui.

"Ukiona mtu kaungua," akasema, "imani yake ilikuwa na ufa."

Watu wakaitikia amina. Amina! Nilisimama.

"Mchungaji, dada yangu aliungua."

"Pole, mama. Nasema kwa mfano tu."

"Basi usome mfano wote. Wale vijana hawakujua kama watapona. Walimwambia mfalme, hata Mungu asipotuokoa, sanamu yako hatuisujudii. Nguvu yao ilikuwa pale, kabla hawajatupwa motoni. Yustina alikuwa nayo. Kwa nini unampokonya?"

Mzee wa kanisa akaninong'oneza nikae. Nikatoka nje.

Jumanne yule mhubiri alikuja nyumbani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

Akaomba radhi, na niliona anamaanisha. Kisha akauliza taratibu, "Ingekuwa wewe mle ndani, mama, ungejibu kama yeye?"

Watu wa ghalani walipona wote watatu, na mimi nikapona. Aliyekufa ni mmoja. Hesabu hiyo watu huniambia ni ya baraka.

"Hapana," nilimjibu. "Pale migombani nilikuwa namwomba Mungu dada awataje."