Usingizi wa Taru hadi Miritini

Nyumbani Taita wakiniuliza kazi yangu ya Mombasa, nikiwajibu kwamba naendesha gari la kubeba madereva wa treni, hucheka. Mjomba wangu husema, "Kwani treni haiwezi kuwabeba yenyewe?" Haiwezi, mjomba. Dereva wa treni ya mizigo saa zake za kazi zikiisha, haruhusiwi kuisogeza hata kidogo, awe stesheni au katikati ya pori. Hapo ndipo tajiri wangu mwenye kandarasi hunituma nimpeleke dereva mpya, nimrudishe aliyechoka. Na aliyechoka hulala. Ndiyo sababu kila tuta la barabara ile nalijua, na nalipanda kwa adabu.

Changamwe, asubuhi moja, dereva mpya alikuwa ameshapanda na injini inanguruma simu yangu ilipolia. Alikuwa Mwanakombo, dadake Bakari, yule dereva niliyekuwa naenda kumtoa Taru. Mwanakombo huniagiza asali ya huko, nikadhani ni mambo ya asali.

"Kaka Mghanga, mama ametutoka alfajiri," akasema. "Wazee wameshakata shauri, tunamzika baada ya alasiri. Bakari simu yake haipatikani."

"Huizima akiwa kwenye injini."

"Basi mlete, nakuomba. Lakini usimwambie njiani. Amekesha kazini. Na aje aambiwe na watu wake, asilie peke yake garini."

Nikasema sawa. Sawa gani? Mimi hata bei ya shati jipya siwezi kumficha mke wangu.

Mariakani, malori yalikuwa yamepanga foleni ya mizani, nami nikawa napiga usukani vidole kama ngoma. Dereva mpya akaniuliza, "Unafukuzwa na nani?" Nikamwambia hakuna. Kila lori lililonikata mbele nililitukana, mengine hata hayakuwa na kosa.

Taru, treni ilikuwa imesimama juani, mabehewa hayana mwisho. Bakari akashuka na mkoba wake, macho mekundu, jaketi lake la kung'aa limejaa vumbi. Yule mpya akapanda, msaidizi wa treni, ambaye saa zake hazijaisha, akabaki naye.

"Mtaita! Leo umewahi," Bakari akanitania. "Kwenu kuna harusi?"

Nikacheka kicheko kibaya. Akaketi nyuma, akatoa simu yake, akajaribu kuiwasha, ilikuwa imekwisha chaji. "Hebu nipe waya."

"Umekatika," nikasema. Waya ulikuwa mfukoni mwangu, na nilihisi kana kwamba unanichoma.

"Haya, nitamjulia hali mama jioni," akasema, akaegemeza kichwa dirishani. Kabla ya Samburu alikuwa anakoroma.

Kuanzia hapo sikuwa na raha hata kidogo. Nikikimbia, matuta yatamwamsha, aniulize, nami uso wangu utasema. Nikienda polepole, atamkosa mamake. Nikawa nakanyaga mafuta kwenye lami tambarare, kisha nafika kwenye tuta nalipanda kama mtu aliyebeba mayai. Jua lilikuwa linazidi kuteremka kila nikikata kona, nami nikalichukia.

Miritini ndipo nilipolazimika kuamua. Sheria ya kandarasi ni moja: dereva hufikishwa kwanza Changamwe akatie sahihi kwamba ametoka kazini, ndipo aende kwake. Miaka yote sijaivunja, hata siku ya mafuriko. Lakini kupitia Changamwe ni kuingia mjini, na mjini ni foleni ya feri. Kwao ni Likoni, mtaa wa Shika Adabu, na barabara ya Dongo Kundu huzunguka nyuma ya bandari kwa madaraja mawili mpaka ng'ambo, bila feri. Nikakata kona.

Kona ile ndiyo iliyomwamsha. Akatazama nje, kulia, kushoto.

"Mghanga, huku si Changamwe."

Nikakanyaga mafuta.

"Wewe? Wewe unipitishe Dongo Kundu sijatia sahihi?" Sauti yake ikashuka. "Ni mama?"

Barabara ilikuwa imeshasema.

"Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun," akasema, akafunika uso kwa jaketi lake. Tukavuka madaraja yote mawili analia, nami nalia mbele, na nikaacha kujali matuta.

Shika Adabu, walikuwa wanajipanga kumswalia marehemu. Mwanakombo aliniona kwa mbali akashika kichwa. Bakari akatawadha upesi, akasimama safu ya mbele na lile jaketi lake la kung'aa. Baadaye ni yeye aliyeshuka kaburini kumpokea mamake. Mimi Mkristo nilisimama nyuma na majirani.

Watu walipoanza kutawanyika, Bakari akanifuata garini, udongo mikononi.

"Kule nyuma, nililala kweli?"

"Ulilala."

"Nilikoroma?"

"Kuanzia Samburu."

Akatikisa kichwa polepole. "Wallahi, basi ule ndio usingizi wangu wa mwisho nikidhani nina mama. Ahsante, ndugu yangu."

Nilirudi Changamwe peke yangu, tajiri akipiga simu kuuliza gari liko wapi. Nyumbani sasa wakiniuliza nabeba nini, najua la kuwajibu: usingizi. Jioni ile nililipanda kila tuta polepole, ingawa kiti cha nyuma hakikuwa na mtu.