Chombo cha Moto cha Mkunjo

Dobi waliyemwita Mkunjo alikuwa na vitu viwili vya kujivunia: mke asiyenuna ovyo, na mstari wa suruali ambao akishaupiga yeye, unakaa wiki nzima haujavunjika. Jina la Mkunjo walimbandika wateja kwa utani, maana mkunjo ndio adui yake. Kwa miaka ishirini na miwili alisukuma meza yake ya magurudumu manne mtaa kwa mtaa, pasi ya mkaa ikifuka moshi juu yake, akinyoosha nguo za watu milangoni kwao. Kazi nyingine hakuijua na wala hakuitaka.

Basi wakubwa wakaamua kurekebisha sheria ya usalama barabarani. Hapo sina ugomvi nao, watu walikuwa wanakwisha barabarani. Sheria ya zamani ilisema "gari", na waendesha pikipiki wakifikishwa mahakamani walijibu kwa roho safi kabisa kwamba wao hawana gari. Wakaachiwa. Kamati ikajifungia wiki nzima, ikala, ikanywa, ikatoka na dawa: kila palipoandikwa gari pawe "chombo cha moto", na chombo cha moto maana yake ni chombo chochote chenye magurudumu, kilichotengenezwa kubeba moto, na kinachoendeshwa na mtu barabarani. Wakapigiana makofi, wakaenda zao.

Jumatatu asubuhi trafiki akamsimamisha Mkunjo. Akafungua kijitabu kipya, akasoma, akahesabu magurudumu kwa kidole, akachungulia ndani ya pasi.

"Mzee wangu, hiki ni chombo cha moto."

"Ni pasi, afande."

"Moto umo?"

"Umo."

"Na magurudumu ninayaona. Leseni iko wapi?"

Mkunjo akajipapasa mifuko bure. Akaambiwa chombo kikaguliwe kabla ya Ijumaa, la sivyo kitakamatwa. Akarudi nyumbani hana hamu ya chakula.

"Si uyang'oe hayo magurudumu, baba watoto, uibebe tu?" mkewe akamwuliza.

"Meza hii? Kwa mgongo huu? Utakuwa mjane kabla ya kona ya kwanza."

Alhamisi akapiga moyo konde, akapanga foleni kwenye uwanja wa ukaguzi, mbele yake lori la mchanga, nyuma yake basi. Mkewe alikuwa amemfungia kioo chake cha kujipambia kwa kamba upande wa kulia, na upande wa kushoto kifuniko cha sufuria alichokisugua mpaka kikang'aa. Mkaguzi, mama mmoja wa makamo asiyecheka, hakupepesa hata jicho. Akaomba honi, Mkunjo akapiga mluzi. Akauliza breki, Mkunjo akaonyesha matofali mawili. Akauliza mkanda, Mkunjo akavua wa suruali yake, akajifunga nao kwenye meza, mkono mmoja ukizuia suruali isimwaibishe. Alipopima moshi akaguna.

"Mwingi."

"Mkaa mbichi, mama. Ukikolea unatulia."

Mkaguzi akasubiri mkaa ukolee. Kisha akamwamuru arudi kinyumenyume katikati ya mapipa, na hapo ndipo miaka ishirini na miwili ya vichochoro ilipojibu. Hakugusa pipa hata moja. Dereva wa lori akashuka kuja kumpa mkono. Mkunjo akapigwa picha, akapewa leseni, na vibao viwili vya namba vikapigiliwa mbele na nyuma. Furaha ilimjaa mpaka akasahau suruali.

"Masharti ni mawili," mkaguzi akasema. "Chombo kikitembea, mikono yote miwili kwenye mpini. Kikisimama, moto uzimwe."

Mkunjo akacheka, akidhani ni utani. Mkaguzi akamwita mwenye basi asogee.

"Mama, sasa nguo nitanyoosha saa ngapi?"

"Hilo liko nje ya sheria hii, mzee. Sisi tunashughulika na barabara."

Kesho yake akatoka kama kawaida. Trafiki alikuwa kando ya njia na kijitabu chake, akamwitikia salamu kwa heshima, kama anavyowaitikia madereva wengine. Wateja wakasikia magurudumu, wakatoka milangoni na mashati mikononi. Mkunjo akawapita mmoja mmoja, macho mbele, mikono yote miwili kwenye mpini, pasi ikiwaka vizuri kabisa. Mwalimu wa shule ya jirani, mteja wake wa miaka mingi, akamkimbilia na sketi yake.

"Mkunjo, simama basi. Nina mkutano wa wazazi."

"Siwezi, mwalimu," akasema. "Nikisimama nazima."

Mwalimu akatembea naye mpaka mwisho wa mtaa, sketi mkononi.