Nyumba Isiyokuwa na Ukuta Mtupu

Mtaani walimwita Jemadari, ingawa hakuwahi kuvaa sare ya jeshi hata siku moja. Alikuwa fundi wa kuchomelea mageti, na kila alikopita hakukosa kurudi na silaha kuukuu: majambia, mikuki, ngao za ngozi, gobori lililoziba mtutu. Mkewe alikuwa muuguzi wa wodi ya wazazi, na ugonjwa wake yeye ulikuwa picha za kuchora. Walikutana kwenye duka la vitu vikuukuu, wote wawili wameng'ang'ania sanduku moja; mmoja akitaka upanga, mwingine akitaka picha iliyofungwa pamoja nao. Muuzaji akakataa katakata kuvitenganisha. Mwaka ule ule wakaoana.

Walipozeeka, nyumba yao haikuwa na ukuta mtupu. Binti yao alikulia chini ya safu ya mikuki, na wageni walikaa sebuleni upandeupande wasije wakachomwa na pembe ya fremu. Zamani kuvitunza kulikuwa raha tupu. Siku hizi mikono ya Jemadari ilitetemeka, na magoti ya mkewe yalikuwa yamegoma kupanda ngazi. Kutu ilikula vyuma, ukungu ukala picha, mchwa wakala mipini. Wakimaliza kufuta vumbi chumba cha mwisho, cha kwanza kimeshachafuka.

Asubuhi moja Jemadari alikuwa akipaka panga mafuta, likamponyoka na kumchana kiganja. Binti alipokuja kumjulia hali, alisimama mlangoni akiangaza macho kutani.

"Hivi baba, mnaishi hapa au mnalinda stoo?"

"Tukiondoka vitakuwa vyako," mama yake akamwambia.

"Mimi? Mama, nina vyumba viwili na watoto watatu. Nisameheni, wazazi wangu."

Basi wakamwita mtaalamu wa makumbusho. Alikuwa kijana mpole, akazunguka nyumba nzima mikono nyuma. Silaha alizitaka zote. Kwenye picha alijikohoza kidogo.

"Hizi nazo ni nzuri, mama. Ila nafasi ndiyo hatuna."

Upole wa namna ile mama aliujua. Yeye mwenyewe aliwahi kuutumia kwa ndugu wa wagonjwa. Lakini Jemadari, ambaye tangu waoane aliziita picha zile madoadoa, alisimama na bendeji yake mkononi.

"Vyote, au hakuna kitu."

"Mzee wangu, tuelewane..."

"Nimeshasema. Hivi vimekaa pamoja tangu wewe hujazaliwa."

Mtaalamu akachukua mkoba wake, akaaga.

Mlango ulipofungwa, mkewe alijiegemeza kwenye kochi. "Umenitetea, nimeshukuru. Sasa mpigie simu, arudi achukue."

"Na picha zako je?"

"Picha hazidai mafuta. Nimechoka, mume wangu. Nimechoka mpaka kwenye mifupa."

Jemadari alitazama kiganja chake. "Hata mimi," akasema, kwa sauti ndogo. Hakuna kati yao aliyewahi kulitamka neno lile.

Gari la makumbusho lilikuja. Jemadari alifunga kila silaha kwa magazeti mwenyewe, na alipofika kwenye gobori ikabidi akae chini kwanza. Baadaye mkewe alizipanga picha upya, zikapata pa kupumua, zikaziba matundu ya misumari. Jemadari naye kwa majuma kadhaa hakujua mikono aiweke wapi.

Mchana mmoja wamejilaza sebuleni, macho ya Jemadari yakanasa kwenye picha ya bibi anayemenya viazi kizingitini.

"Huyu bibi ulimtoa wapi?"

"Si uliniletea wewe, nilipojifungua?"

"Mimi?"

"Wewe."

Aliitazama tena, shingo kaipinda. "Anaonekana kachoka."

"Basi mwache apumzike," mkewe akasema, akafumba macho.